Kiwiko cha Jabari

Alhamisi asubuhi, mkamwana wake Lerato alipokwisha kuondoka kwenda kazini kwenye duka la dawa, Paulina alifungua friza, akatoa mifuko yote ya barafu na kuimwaga ndani ya sinki. Alisimama akaitazama ikiyeyuka, mikono kiunoni, kama mtu anayemtazama nyoka aliyekwisha kupondwa kichwa. Kisha akabandika sufuria kubwa ya maji, akatia chumvi, na kutoka nje kwenda kuchuma majani ya mnyonyo yaliyojiotea nyuma ya gereji, mtaa wa pili. Watu wa mtaa wao wa La Rochelle huyaona majani hayo kuwa magugu tu. Paulina aliyajua tangu utotoni kwao Morogoro, na kwa miaka yote aliyokaa Johannesburg hakuwahi kukosa mahali pa kuyapata.

Alikuwa amevumilia wiki mbili. Kwa wiki mbili mwanawe Jabari alirudi mazoezini, akaketi kwenye kochi la sebuleni, akafunga barafu kwenye kiwiko cha mkono wa kulia na kukaa kimya mpaka maji yamchuruzike vidoleni. Paulina alikuwa akipita na kurudi, anakohoa, anasogeza viti visivyohitaji kusogezwa. Kwao mtu mwenye maumivu ya kiungo hatiwi baridi. Baridi ndiyo iletayo maumivu. Utaiongezaje tena juu yake? Hata Murielle, Mkongomani aliyepanga chumba cha uani na kusuka watu nywele kibarazani, alikuwa amemwambia, "Maman Paulina, ule mutoto iko natia barafu ku mifupa. Atazeeka mbele ya wakati."

Lakini kiwiko chenyewe hakikuwa cha mtu wa kawaida. Jabari Mokoena alikuwa mrushaji wa besiboli, na mkono ule ndio uliokuwa kazi yake tangu alipovuka utoto. Besiboli ni mchezo ambao hata Johannesburg wengi hawaujui, ila wanaoucheza huupenda kama dini. Mrushaji husimama peke yake juu ya kichuguu katikati ya uwanja. Mbele yake husimama mpigaji mwenye gongo, na nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji mwenye glovu nene. Mrushaji anautupa mpira ili mpigaji asiuweze, na mpira wenyewe ni mgumu kama nazi kavu na unakwenda kasi kuliko gari la barabara kuu. Mpigaji akikosa mara tatu, anatoka. Kazi ni hiyo. Ni rahisi kuieleza, kama ilivyo rahisi kueleza upasuaji.

Jabari alitoka nyumbani akiwa na miaka kumi na tisa, baada ya Wamarekani kumwona akitupa kwenye mashindano ya vijana. Alicheza katika miji midogo ambayo Paulina aliijua kwa simu tu, miji ya mashamba ya mahindi na ya viwanda vilivyofungwa. Alilala kwenye mabasi na kuamkia mazoezini. Vijana wengine wa Afrika Kusini waliokwenda naye walirudi mwaka wa kwanza au wa pili, wakawa madereva na mawakala wa bima. Yeye alibaki. Walipomwambia hana nguvu kama wenzake, alijifunza mpira unaopinda. Wapigaji walipouzoea unaopinda, alijifunza unaochelewa. Alipopewa wadakaji kutoka Jamhuri ya Dominika wasiojua Kiingereza, alinunua kitabu akajifunza Kihispania. Ligi kuu kabisa, ile inayoonyeshwa kwenye televisheni duniani kote, hakuifikia. Alikaa mlangoni pake misimu miwili, hatua moja chini, na mlango haukufunguka. Klabu ikimwacha alitafuta nyingine, Mexico, kisha Australia, kisha Marekani tena. Na katika miaka yote hiyo hakuna mtu wa nyumbani kwake aliyewahi kumwona akifanya kazi. Safari ilikuwa ndefu na nauli hawakuweza kuipata.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne na Jumamosi ilikuwa inakuja. Siku hiyo angefika mtu aitwaye Steve, Mmarekani mwenye mvi aliyekuwa akitafuta warushaji kwa niaba ya klabu moja ya Uholanzi. Akimkubali, Jabari angepata msimu mmoja mzima wa kulipwa, labda miwili. Akimkataa, hakukuwa na Steve mwingine. Kila mtu katika nyumba ile alilijua hilo, hata wateja wa Murielle.

Maji yalipochemka, Paulina aliyabeba mpaka sebuleni, akaweka sufuria juu ya gazeti, akajifunga kitenge vizuri.

"Lete mkono, baba," alisema.

Jabari aliitazama sufuria. Akatazama jikoni, ambako mlango wa friza ulikuwa bado wazi.

"Mama, barafu iko wapi?"

"Imekwenda zake."

"Mama, madaktari wa timu walikuwa wanatuambia kiwiko kikivimba..."

"Hao madaktari walikunyonyesha?"

Jabari alicheka bila kutaka. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega mapana na sauti ndogo, na mbele ya mama yake sauti ilizidi kupungua. Alitazama sufuria, akautazama uso wa mama yake uliolowa mvuke, akaona namna alivyokuwa amepanga taulo na majani na chupa ya mafuta, kila kitu mahali pake, kama mtu aliyengoja siku hii miaka mingi. Akakunja mkono wa fulana, akaunyoosha.

Paulina alimkanda kwa muda mrefu. Alichovya taulo, akakamua, akabandika, akaweka majani juu yake, kisha akaingiza vidole gumba kwenye nyama ya ndani ya kiwiko na kuvuta kuelekea kwenye kifundo cha mkono, jinsi mama yake alivyokuwa akiwakanda watu waliotoka shambani. Jabari alifumba macho. Mara mbili alivuta pumzi kwa meno. Paulina alimwambia hayo ndiyo maumivu ya kupona. Alimsimulia habari za watu wa Mazimbu, kambi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini iliyokuwa Morogoro, za mpishi wa kambi aliyeanguka ngazini, za siku baba yake Jabari, kijana mkimbizi kutoka Soweto, alipoletwa kwao akiwa ameteguka mguu, akakandwa, na kesho yake akarudi akisema unauma tena, na keshokutwa akarudi tena, mpaka bibi yake Jabari akasema huyu mguu wake ni mzima, anachoumwa ni kingine. Jabari alicheka. Paulina akajiona amerudi kuwa mama.

*

Ijumaa asubuhi kiwiko kilikuwa kimeumuka kama andazi.

Lerato ndiye aliyekiona kwanza. Alitoka chumbani amevaa sare ya kazi, akaenda moja kwa moja jikoni, akafungua friza, akasimama pale. Kisha akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyetoa barafu. Hakupaza sauti. Lerato alikuwa mtoto wa Soweto aliyefunzwa heshima, na tangu aolewe hakuwahi kumjibu mama mkwe wake vibaya. Lakini mlango wa uani ulikuwa wazi, na kibarazani Murielle alikuwa na wanawake wawili wanaosukwa, na wote watatu walikuwa wameacha kuongea.

"Nilimkanda," Paulina alisema. "Kwa maji ya moto. Kwetu..."

"Mama, kiungo kimevimba kwa ndani. Ukikipa joto unakiongezea uvimbe. Hili hata mtoto anayeuza pale dukani kwetu analijua." Lerato alifumba macho kidogo, kama mtu anayejizuia, na hakufaulu. "Miaka kumi na mitano ameulinda huo mkono. Kwa siku moja, Mama. Siku moja tu nimekuachia."

Kibarazani mtu mmoja aligusa kinywa chake. Murielle akasema kwa sauti ya chini, "Tuendelee, tuendelee," lakini vidole vyake havikuendelea.

Paulina aligeukia sinki. Alikuwa na miaka sitini na sita, na mara ya mwisho kusemwa mbele ya watu ilikuwa siku alizofika mji huu, wakati ndugu za mumewe walipouliza mezani kama kwao wanatumia vijiko. Alichukua sufuria iliyokuwa imekauka pembeni ya sinki, akaifuta tena.

Ni Jabari aliyeingia kati. Alisema mkono ni wake na aliutoa mwenyewe, hakukamatwa na polisi. Alisema uvimbe aliwahi kuwa nao mkubwa kuliko huu akatupa na kushinda. Hakuna aliyejua kama hilo lilikuwa kweli. Mzee Ephraim, baba yake, aliyekuwa amekaa mezani na chai yake, alijaribu kusaidia kwa kusema kwamba kule kambini walikandwa wote kwa maji ya moto na nchi ikakombolewa. Lerato alimtazama baba mkwe wake, akashindwa kujizuia, akacheka huku machozi yakimlenga. Kisha akamfunga Jabari kiwiko kwa taulo lililolowa maji ya bomba, akaenda kazini amechelewa.

Siku ile Paulina hakula. Aliwaza. Huko alikokulia, mtoto akiharibikiwa kwa kosa la mzazi, mzazi haketi nyumbani. Huvaa nguo zake nzuri, huenda mpaka shuleni, hupiga goti mbele ya mwalimu na kusema kosa ni langu, usimchape mtoto. Na mwalimu, kama ni mtu, husamehe. Paulina aliwahi kumwona baba yake mwenyewe akifanya hivyo, na mwalimu alimwinua mzee kwa mikono miwili. Kwa hiyo jioni, Jabari aliporudi kutoka kutembea, alimwambia kwamba kesho angependa kwenda kumwona akicheza. Jabari alishangaa, halafu akafurahi sana. Hakumuuliza sababu. Na kwa kuwa hakuuliza, hakumweleza jambo ambalo yeye na Lerato walikuwa wamekwisha kukubaliana chumbani: kwamba Steve asijue lolote kuhusu kiwiko.

*

Uwanja wa klabu ulikuwa upande wa Turffontein, si mbali na kiwanja cha mbio za farasi, na Jumamosi ile jua lilikuwa kali. Mzee Ephraim alivaa suti. Paulina alivaa gauni lake la kanisani na kilemba cha kitenge, akabeba mkoba wake mweusi. Getini mlinzi kijana aliwasalimu vizuri, kisha akamwonyesha Paulina njia ya pembeni, akisema wamama wa usafi hupitia kule.

Mzee Ephraim alisimama. Shingo yake ilianza kujaa. "Kijana," alianza, "unajua unasema na nani?"

"Baba Jabari, twende," Paulina alisema. "Hapa hatukuja kwa ajili yetu."

Waliketi kwenye benchi la mbao karibu na wavu. Lerato alikuwa amefika mapema na kuketi mwisho wa benchi hilo hilo; aliinuka, akamsalimu mama mkwe wake kwa mikono miwili, akaketi tena. Uwanjani kulikuwa na vijana kama kumi wa klabu wakirushiana mipira, na Brighton, mdakaji mnene mwenye utani mwingi aliyekuwa rafiki wa Jabari tangu shule, alikuwa akifunga vikinga miguu. Steve alisimama nyuma ya wavu. Alikuwa mtu mwembamba, kofia ya majani kichwani, na mkononi alishika kifaa cha kupimia mwendo wa mpira, ambacho wenyewe hukiita bunduki.

Jabari alipanda kichuguu.

Paulina alikuwa amemwona mwanawe akipanda ngazi, akipanda gari, akipanda ndege. Hakuwahi kumwona akipanda mahali hivi. Aliisawazisha ardhi kwa kiatu, mara moja, mbili, kama mtu anayetandika mkeka wake. Mabega yaliyoinama sebuleni yalinyooka. Alimwinulia Brighton kidevu, akainua mguu wa kushoto, na mwili wote ukafunguka kama mlango mkubwa.

Mpira ukaenda. Kwa macho ya Paulina ulikwenda kama risasi. Lakini Steve aliangalia namba kwenye bunduki yake, akaangalia tena. Jabari akatupa mwingine, na mwingine. Mzee Ephraim, aliyejifunza mambo ya mchezo huu kwa kuuliza simuni miaka nenda rudi, alimnong'oneza mkewe kwamba mrushaji wa kulipwa hutakiwa kufika karibu na maili tisini kwa saa, na kwamba Jabari enzi zake alipita hapo. Kutoka walipoketi namba zilionekana. Sabini na tatu. Sabini na nne. Sabini na tatu.

Steve alishusha bunduki. Akatoa simu mfukoni na kuanza kusoma kitu kingine, huku Jabari bado anatupa.

Paulina aliinuka. Mumewe akamshika gauni kwa nyuma, akamwambia akae, lakini gauni lilimponyoka. Alitembea mpaka nyuma ya wavu, akashika mkoba wake kwa mikono miwili, akakunja magoti kidogo jinsi walivyomfunza, na akasema kwa Kiingereza chake cha pole pole alichokipika njiani:

"Bwana Steve, mimi ndiye mama yake. Kosa ni langu. Mtoto anaumwa kiwiko wiki mbili sasa, na juzi mimi nikamkanda kwa maji ya moto kikavimba zaidi. Usimhukumu yeye. Nihukumu mimi."

Nyuma yake alisikia Lerato akivuta pumzi.

"Wiki mbili?" Steve alisema.

Kwa namna alivyolitamka neno hilo, Paulina alijua amevunja kitu. Hakujua ni kitu gani. Alitazama nyuma, akaona Lerato amefunika uso kwa viganja, na mumewe anatazama viatu vyake. Hapo akaelewa. Mwalimu wa shule husamehe kwa sababu mtoto atabaki kuwa wake. Mnunuzi akiambiwa ng'ombe anachechemea, anarudi na kamba yake nyumbani.

Steve alimwita Jabari kwa mkono. Jabari akashuka mpaka kwenye wavu, jasho linamtiririka.

"Mama yako anasema mkono unauma kwa wiki mbili. Nilikuuliza kwenye simu Jumatatu ukasema uko safi. Nimwamini nani?"

Ilikuwa rahisi kusema mama ni mzee, Kiingereza kinampiga chenga, amechanganya mambo. Brighton aliyesimama karibu alikuwa amekwisha kufungua mdomo kusema jambo la namna hiyo. Paulina mwenyewe alitamani lisemwe hivyo. Alikuwa tayari kuwa mzee aliyechanganyikiwa mbele ya watu wote, angalau afanye faida moja.

"Mwamini mama," Jabari alisema. "Mama yangu hasemi uongo. Mimi ndiye niliyeusema."

Steve alivua miwani, akaifuta na shati. Alisema kwamba amefanya kazi hii tangu nywele zake zikiwa nyeusi, amewauliza warushaji wasio na idadi habari za mikono yao, na wote walimjibu iko safi, pamoja na mmoja aliyekuwa amefungwa plasta. Alisema Jabari ni wa kwanza kukiri, na hata yeye amehitaji msaada. Hakucheka, ila uso wake haukuwa mkali tena. Akaanza kuitia bunduki kwenye begi.

"Vizuri, iweke," Jabari alisema. "Umetoka mbali. Nipe wapigaji watatu, walio bora hapa, unitazame kwa macho yako. Ukimaliza uende zako, sitakuwa na neno."

Steve aliangalia saa. Kisha akamrudisha Paulina kwenye benchi, akaketi kando yake.

*

Mpigaji wa kwanza alikuwa kijana mwenye mapaja kama magogo, aliyesikia habari za sabini na tatu na kuja akitabasamu. Jabari hakumtazama usoni. Alimtazama miguu. Mzee Ephraim alimwonyesha mkewe: ona, anamsoma. Mpira wa kwanza ulikwenda nje kidogo, kijana akauacha. Wa pili vile vile. Wa tatu ulikuja pale pale lakini ulikuja kwa kuchelewa, mkono ule ule, mwendo ule ule wa mwili, na kijana akapiga mapema mno. Mpira uliguswa na ncha ya gongo, ukabingirika kivivu mpaka miguuni mwa Jabari. Aliuokota, akautupa kwa upole kwa aliyekuwa kwenye kituo cha kwanza kabla mpigaji hajafika hapo, kama mtu anayempa jirani kiberiti.

Wa pili hakugusa kitu. Alipiga hewa, akapiga hewa tena, na mpira wa tatu aliuacha akidhani unakwenda nje, nao ukapinda ukaingia, akahesabiwa amekosa. Brighton aliushikilia mpira pale pale ulipoingia ili kila mtu aone. "Mzee anauza sumu," alisema kwa sauti, na vijana wakacheka.

Paulina alikuwa ameacha kuangalia mpira. Alikuwa akimwangalia mwanawe. Kila mpira ulipotoka, jicho la kulia la Jabari lilijikunja kidogo, na yeye tu, aliyemzaa, ndiye aliyejua maana yake. Lakini kati ya mpira na mpira uso ule ulikuwa na utulivu ambao hakuwahi kuuona nyumbani. Jabari alikuwa akifikiri. Alikuwa kazini. Miaka yote Paulina aliwaambia watu kanisani kwamba mwanawe anatupa mpira Marekani, akawaona wakitabasamu, naye akatabasamu kwa aibu kidogo, kwani hata yeye alidhani ni nguvu tu ya mkono aliyojaliwa na Mungu, kama mtu aliyejaliwa urefu. Sasa aliona kwamba nguvu ilikuwa imekwisha kuondoka, na kilichobaki pale juu ndicho alichojitafutia mwenyewe, usiku kwa usiku, katika ile miji ya mahindi.

Wa tatu ndiye aliyekuwa mpigaji hasa. Alikuwa mtulivu, na Jabari alimheshimu, lilionekana. Alipiga mmoja ukaenda mbali sana, ukatoka nje ya mstari kwa unene wa mkono, akahesabiwa amekosa. Akakosa mwingine, akaacha mitatu mibaya; wa nne mbaya ungempa kituo bure. Ikabaki mpira mmoja wa kuamua. Brighton alitoa ishara kwa vidole ya mpira wa kutupa, Jabari akakataa. Akatoa nyingine, akakataa. Akatoa ya tatu, Jabari akainamisha kichwa.

Ulikuwa mpira wa pole pole kuliko yote aliyotupa siku ile. Ulipanda juu, ukaelea, mpigaji akaungoja, akaungoja, na alipoamua kwamba hautafika kamwe, ulikuwa umekwisha kuingia kwenye glovu. Gongo lilibaki begani. Kijana alitazama nyuma, akatazama mbele, akamvulia Jabari kofia.

Lerato alikuwa amesimama. Hakukumbuka alisimama lini.

Steve alikwenda mpaka kwenye kichuguu, na kwa kuwa uwanja ulikuwa kimya, wote walisikia. Alisema ameona mchezo mzuri kuliko wowote alioona mwaka huu. Lakini Uholanzi hawatasoma macho yake, watasoma namba. "Nipe mpira mmoja tu wa themanini na tano," alisema. "Mmoja. Nitaandika kwamba kulikuwa na uvimbe kidogo, na mwezi ujao utapanda ndege." Akafungua begi, akatoa bunduki.

Jabari aliuzungusha mpira kwenye vidole. Alikunja mkono, akaukunjua. Paulina alitaka kusema tupa, na alitaka kusema usitupe. Akauma mdomo, maana kwa siku moja alikuwa amesema vya kutosha.

"Naweza kuutupa," Jabari alisema mwishowe. "Najua upo. Na najua utaondoka na nini. Nimewaona watu wakitupa huo mmoja, Steve. Nimewashika wengine kuwapeleka kwenye gari." Alitabasamu kidogo. "Mpaka leo hakuna kisu kilichoingia kwenye mkono huu. Acha nishuke nao hivi hivi."

Steve aliirudisha bunduki kwenye begi. Kisha akatoa mkono wa kushoto, ili asimguse wa kulia, na wakapeana mikono hivyo. Alipompita Paulina alivua kofia ya majani. Getini, yule mlinzi kijana alimfungulia, na gari lake likaondoka.

*

Vijana walianza kuokota vifaa. Lerato alisogea kwenye benchi mpaka bega lake likagusa la Paulina.

"Usingesema," alisema, macho yakiwa uwanjani, "angeutupa ule mmoja. Pale pale Steve aliposhusha bunduki. Angetupa wa themanini na tano ili afiche, na saa hii tungekuwa hospitali." Kisha akamgeukia. "Jana nilikusema vibaya, Mama. Mbele ya watu."

"Ulisema kweli," Paulina alisema. "Na barafu nitanunua mimi."

Mzee Ephraim alijipangusa uso kwa leso, akasema jua la nchi hii siku hizi halina adabu.

Jabari alikuwa bado juu ya kichuguu, mpira mkononi. Alionekana kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka kwamba hajaaga. Kisha akaita, kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa kuliko aliyowahi kuitumia kwa mama yake.

"Mama! Njoo usimame hapa, penye kibao cheupe."

"Nani, mimi?"

"Wewe. Njoo uone ninachofanya. Kwa pembeni hakionekani."

Paulina aliangalia huku na huku. Alikwenda. Alisimama pale waliposimama wapigaji, kwa gauni lake la kanisani na mkoba mweusi kifuani. Kutoka hapo kichuguu kilionekana kirefu, na mwanawe juu yake alionekana mkubwa kama nyumba. Brighton alichuchumaa nyuma yake, akamwambia asiogope, yeye yupo, na mtu huyu hajawahi kumgonga mama yeyote.

"Nifanye nini?"

"Simama tu. Mpira utakuja begani kwako. Usikwepe."

Jabari alisawazisha ardhi kwa kiatu. Akamsoma mama yake miguu, kama alivyowasoma wengine. Akainua mguu, mwili ukafunguka, mpira ukatoka. Ulimjia Paulina moja kwa moja begani, kama alivyoahidiwa, naye hakusogea. Kisha akasikia mlio wa glovu nyuma yake, mbali na bega, katikati kabisa ya kibao.

Vijana waliokuwa wakiokota vifaa walikuwa wamesimama. Brighton alishikilia mpira pale pale.

"Umeuona, mama?" Jabari aliuliza.

Paulina alifikiri. Angeweza kusema ndiyo.

"Mrudishie," alimwambia Brighton. "Huo nilifumba macho."

Uwanja mzima ulicheka, na aliyecheka zaidi alikuwa Jabari, ameinama, mikono magotini, juu ya kichuguu chake. Brighton akamrudishia mpira. Paulina aliuweka mkoba chini, mavumbini, akarekebisha kilemba, akasimama vizuri, na mara hii akayafungua macho yote mawili.